Kuku wa Mama Mkwe Ndani ya Kompyuta

Zamani kitabu cha kuku, kilichoandikwa Kijaluo, tulikuwa tunakiazima. Nilikichukua kwenye ofisi ya wakulima hapa Suna, mke wangu akakipeleka kwao Homa Bay, mamake akakaa nacho mpaka atosheke. Kwetu Wajaluo, maro, yaani mama mkwe, humpi mkono, huli mbele yake, wala hamketi chumba kimoja. Lakini kurasa zilezile tulizisoma wote wawili, na hakuna aliyeona vibaya.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, ofisi ikaletewa kompyuta. Vitabu vyote vya rafuni vilikuwa ndani ya sidii moja, kile kisahani chembamba kinachong'aa, ila sasa kwa Kiingereza. Sitaki kuisingizia: ukiandika neno kuku, kila ukurasa wenye kuku unajileta wenyewe. Niliisifu kuliko watu wote, ingawa sina hakika niliielewa. Vile vya karatasi vikabebwa, nami sikuuliza vinapelekwa wapi.

Kisha kuku wa maro wakaanza kufa. Akaagiza kitabu. Mke wangu, aliyekuwa na mtoto mchanga, akamjibu kwamba kitabu hakitoki tena, ni yeye mwenyewe aje ofisini.

Siku aliyokuja sikuwa na habari; nilikuwa nasagisha mahindi kwenye posho mill jirani na ofisi. Msichana wa kompyuta, mtoto wa wenye duka kutoka Mombasa, akaja kutafuta mtu wa kusoma Kiingereza na kukigeuza Kijaluo. Nikajitokeza kwa maringo. Kuingia, namkuta maro kwenye benchi, nalo ni moja tu. Akavuta leso usoni, akageukia ukuta. Mimi nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Nikamnong'oneza msichana kwamba yule ni mama mkwe.

“Si ndiyo vizuri, kaka? Mko nyumbani,” akasema, akanisogezea nafasi.

Maro ndiye aliyetuokoa. Alitoka, akaketi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nikaanza kusoma, nikijifanya namsomea msichana ambaye Kijaluo hakijui hata kidogo. Kuhusu maji na vyombo safi nilienda vizuri. Halafu nikafika mahali kitabu kinaposema umgeuze kuku, umtazame tupu ya nyuma na kinyesi chake: kikiwa cha damu, kuna dawa, kikiwa cha kijani na shingo imepinda, ni kideri, hakina dawa, wahi kuchanja waliobaki wazima.

Nikairuka mistari hiyo.

Msichana akaweka kidole kwenye kioo. “Na hii, kaka?”

Nikasema macho yangu yamechoka. Lakini niliwaza, kuku ni wake, si wangu. Nikimficha mstari huu atarudi Homa Bay bure. Nikayataja yote kwa Kijaluo, maneno ambayo hata mke wangu sijawahi kumtajia. Karatasi ingemwambia yeye peke yake. Kompyuta ilitaka kinywa, na kinywa kikawa changu.

Kisha dirishani ikaja sauti ya maro, kwa Kiswahili cha sokoni, akimwambia msichana:

“Binti, mwambie huyo asome tena hapo pa kijani. Polepole.”

Nikasoma tena. Polepole.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Nilimwona kwa mbali akishika njia ya kwa daktari wa mifugo. Mimi nilibaki ndani mpaka alipopotelea kwenye kona, nikimdanganya msichana kwamba kuna ukurasa bado naumalizia.