Mgongo Ulionigomea Heru Juu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba nitakuwa nimepona siku nitakayonyanyua uzito ule ule ulioniumiza. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kutengeneza simu na karibu kila kitu ninachokijua, kwa kutazama video na kurudia mpaka nisione kasoro. Maumivu yakipungua nilirudi kwenye chuma kilekile, bila kupunguza hata kidogo, na mgongo ukaumia tena palepale, chini kabisa, juu kidogo ya makalio.

Jimu yetu hapa Kasulu iko nyuma ya banda la fundi wa kuchomelea vyuma. Tunanyanyua mabomba ya maji, na uzito wake ni saruji iliyogandishwa kwenye makopo ya rangi. Siku niliyoumia mara ya kwanza nilikuwa nimeshanyanyua, na wenzangu wameshanisifu. Lakini nilikuwa nimejirekodi, na kwenye simu nikaona mgongo umepinda kidogo. Nikarudia ili nipate video safi. Bomba lilipofika magotini nikasikia kitu kimeachia kiunoni, nikalidondosha.

"Nani alikwambia urudie?" fundi akauliza.

"Ya kwanza haikuwa nzuri."

"Kwani unapigwa picha ya kitambulisho?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nimeshika ukuta.

Nyumbani sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na kabla ya vyuma nilikuwa kijana mwembamba ambaye kila mgeni alimuuliza kama anakula. Chini ya lile bomba ndipo mahali pekee kichwa changu kilipokuwa kinanyamaza. Kwa hiyo niliogopa kuambiwa niache kuliko nilivyoyaogopa maumivu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mikaratusi, nilivaa soksi nikiwa chali kitandani, kisha nikaenda kibandani kwangu kukaa kwenye stuli na simu za watu. Bisibisi ikianguka niliisukuma kwa mguu mpaka ukutani, nikachukua nyingine.

Nikapata nafuu, nikarudi kwenye chuma, nikaumia mara ya pili. Hii ilikuwa mbaya zaidi, mguu wa kushoto ukawa unawaka moto mpaka kwenye unyayo. Wiki hiyohiyo bibi yangu, mama yake baba, akaagiza niende kijijini kwake Heru Juu nikamwone.

Kwetu sisi Waha salamu haiishii mdomoni. Kijana akimkuta mkubwa wake huinama, hupiga makofi taratibu, na hubaki ameinama wakati mkubwa anauliza habari za nyumba nzima, za shamba, mpaka za mbuzi. Usiku kabla ya safari nilijaribu chumbani, nikashindwa kufika hata nusu. Nikaenda hivyohivyo, nyuma ya bodaboda, nikiuma meno kwenye kila shimo.

Bibi alikuwa ameketi nje anachambua maharage kwenye ungo, na baba yangu mdogo yuko kando yake ananoa jembe. Nikasimama wima kama nguzo ya umeme, nikapiga makofi usawa wa kifua.

"Mwakeye, bibi."

Bibi aliendelea kuchambua maharage. Akamgeukia baba mdogo. "Huyu bwana shamba anamtafuta nani?"

"Si mjukuu wako, mama! Siku hizi ana kifua. Hakimruhusu kuinama."

"Basi aende akasalimiane na wenye vifua wenzake."

Ningeweza kusema mgongo unaniuma, yakaisha. Sikusema. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nikapata wazo langu la siku zote, kwamba jambo likiharibika dawa yake ni kulirudia kwa ukamilifu. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaja upya, nikainama mpaka chini kama anavyoinama mtoto aliyelelewa vizuri. Nilikaribia kufika. Kisha mgongo ukajifunga, nikaanguka mbele, na mikono yangu ikatua katikati ya ungo. Maharage yakamwagika yote.

Walinilaza ubavu kwenye mkeka palepale uani. Hapo ndipo nilipoeleza, nikilia, mambo ya bomba na saruji. Bibi alisikiliza huku anaokota maharage yake.

"Hiyo saruji mnajenga nini?"

"Hatujengi, bibi. Tunainyanyua."

"Halafu?"

"Tunairudisha chini."

"Halafu?"

"Tunainyanyua tena."

Akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama jembe lake. Hakuna aliyecheka, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kuchekwa.

Dada yangu ameolewa Kibondo, na hospitali ya huko ilikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye sauti ndogo. Nikapelekwa kwa dada. Yule mama alinilaza chali, akaniambia nikunje magoti na kuinua kiuno taratibu, kisha nikishushe. Nikafanya. Nikamuuliza kama nimepatia. Nikafanya tena, nikamuuliza tena.

"Sijakwambia upendeze," akasema. "Nimekwambia upumue."

Nilitaka aniambie tarehe ya kurudi kwenye vyuma. Hakunipa. Alisema huenda mgongo huu utakuwa unarudi kuuma kila nikiulazimisha, na kwamba hilo yeye hawezi kuliondoa. Nilitoka pale nimekasirika. Msimu mzima wa mvua nililala kwa dada nikisikiliza bati, nikifanya yale mazoezi ya mgonjwa, nikiyadharau. Siku moja dada alipokuwa sokoni nilinyanyua ndoo zake mbili za maji, nione tu. Aliporudi alinikuta nimelala sakafuni kwenye maji, akanifuta kwa kanga yake. Tangu siku hiyo nilianza kumtii yule mama, si kwa kumwamini, ni kwa sababu sikuwa na ujanja mwingine.

Niliporudi Kasulu, fundi alinipokea kwa kelele. "Bingwa! Tukuwekee makopo mangapi?"

"Bomba tupu."

"Tupu? Hilo mke wangu anaanikia nguo!"

"Mgongo wangu ni mbovu, kaka. Umeumia mara nne. Nikiweka zaidi utaumia tena."

Alitaka kuongeza utani, akaniangalia usoni, akaacha. Nikanyanyua bomba tupu mbele ya watu wote, na niliona haya kila lilipopanda.

Sijapona, na sidhani kama nitapona kabisa. Asubuhi za baridi kiuno bado kinakaza, na bado nina wivu na wanaonyanyua makopo mengi. Ila sasa maumivu yakianza naweka chini, na nikiulizwa nasema naumwa.