Njahi za Wangechi

Siku hizi njahi zinauzwa Nyeri mjini katika pakiti yenye picha ya mlima. Mimi sinunui. Nikiiona pakiti hiyo namkumbuka marehemu Wangechi, jirani yangu wa Mukurweini, na hasira inanipanda upya.

Njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, ndizo chakula cha mzazi. Tangu zamani mwanamke aliyejifungua alipikiwa hizo ili arudishe damu na apate maziwa. Na mbegu yake haikuuzwa. Ukiombwa, unatoa; aliyepewa akivuna, anakurudishia na kuzidisha. Kumnyima mtu mbegu kulikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima maji.

Kwa hiyo Daktari Mutahi wa chuo kikuu alipokuja na Wazungu wawili kutoka chuo cha kwao, miaka michache kabla ya njaa ya themanini na nne, Wangechi hakuuliza maswali. Waliomba mbegu, akawajazia kibuyu. Walisema wanakwenda kuzijaribu Endarasha, huko Kieni karibu na mpaka wa Laikipia, waone kama zitavumilia ukame.

"Tutakukumbuka, mama," Mutahi alisema.

Wangechi alielewa kama alivyolelewa kuelewa: watavuna, watarudisha.

Hawakurudi. Magazetini nilisoma wakisifiwa kwa ushirikiano wa vyuo. Ushirikiano gani huo, mmoja kutoa na mwingine kubeba?

Kisha mvua ikakosa. Tulikula kila kitu, mpaka mbegu. Mukurweini yote hungepata njahi, na Wachuka, binti wa pekee wa Wangechi, alikuwa karibu kujifungua, amekonda, macho yameingia ndani.

"Mwanangu hatalala uzazini na uji wa mahindi ya msaada," Wangechi aliniambia. "Nisindikize Endarasha. Waliochukua zangu wamevuna."

Tulifika siku ya maonyesho. Mutahi na Wazungu wake walikuwa wamefungua kampuni, na wakubwa wamekaa kwenye kivuli cha turubai wakipiga makofi. Pembeni, shamba lililonyweshwa kwa mabomba lilikuwa limejaa maganda makavu ya njahi. Nchi nzima inalia njaa, wao wanapigana picha! Wangechi alimsalimu Mutahi kwa heshima, akaeleza shida yake.

"Mama, hizi si zile zako tena," Mutahi alijibu, akiwatabasamia wageni. "Tumezifanyia utafiti. Msimu ujao utazipata dukani, kwa bei nzuri."

"Mjukuu wangu asubiri msimu ujao ndipo azaliwe?"

"Ni mali ya kampuni, mama."

"Na wewe, siku uliyozaliwa mama yako alipikiwa nini? Karatasi?"

Wanawake wa Endarasha waliangua kicheko. Wangechi hakucheka. Alishusha kiondo, akaingia shambani, akaanza kuchuma.

Mlinzi, kijana wa Meru aitwaye Kaberia, alimkimbilia na rungu. "Wee mama! Toka huko! Hiyo ni ya kampuni!"

"Basi nipige, mwanangu. Nipige vizuri, wageni waone."

Kaberia alimtazama Mutahi. Mutahi aliwatazama wenye kamera, kisha akatazama viatu vyake. Wangechi aliendelea kuchuma bila haraka, ganda baada ya ganda, mpaka kiondo kikajaa. Alipotoka alimpita Mutahi kama mtu apitaye kisiki.

Wachuka alijifungua mtoto wa kike juma lile lile. Wangechi alipukuchua njahi zote, akainjika chungu. Nilimwona akimimina mpaka za mwisho, nikashtuka.

"Mama Wachuka, bakisha hata konzi moja ya mbegu! Mvua zikirudi utapanda nini?"

Aliendelea kukoroga, hakuniangalia.

"Nibakishe," alisema, "ili nani tena aje kuniomba?"