Gunia la Mpunga Lenye Homa

Bi Zuleha wa Moa hanunui mbegu. Mpunga anaopanda ni ule alioachiwa na marehemu mumewe. Ukipikwa, harufu yake hukukaribisha kabla ya mwenye nyumba. Mwaka jana ukame uliumaliza wote bondeni. Ikabaki pishi moja, iliyokaa darini jikoni misimu miwili. Hiyo isipoota, mbegu ya mumewe imekwisha.

Juzi aliuloweka. Jana akauchuja, akaufunga guniani, akaufunika kwa majani ya mgomba. Leo asubuhi, yeye akiwa kisimani, akapita Mwinyijuma, mdogo wa marehemu, akatia mkono guniani na kuutoa mbio.

"Shemeji, mpunga wako una homa! Huu unaoza. Niwamwagie kuku wafaidi?"

"Thubutu!" Bi Zuleha, ndiyo kwanza anarudi, akatua ndoo. "Kuku gani wa kufaidi, kama si wewe?"

Nasma, mjukuu wake, mwalimu wa baiolojia aliyekuja likizo, akacheka hadi kanga ikamteleza.

"Babu, hiyo si homa. Punje zimeamka. Ndani yake mna seli, ndogo hata jicho halizioni. Zinachukua wanga, zinaugeuza sukari, kisha zinaivunjavunja sukari kwa oksijeni ili zipate nguvu ya kutoa mizizi. Nguvu nyingine inapotea, inakuwa joto. Ndilo hilo lililokushtua."

"Bila moto?"

"Bila moto. Hata joto la mwili wako linatoka kwenye wali uliokula jana."

"Kwa hiyo na mie ni gunia?"

"La maneno," akajibu Bi Zuleha, naye akatumbukiza mkono hadi kwenye kifundo cha mkono. Kicheko kikamfutika usoni. "Katikati joto limezidi. Nasma, maji!"

Wakaumwaga mpunga mkekani, wakaupindua kwa viganja, wakaunyunyizia maji ya mtungi.

"Zikibanana zinakosa hewa," Nasma akasema, "na joto lao likizidi linaziua."

"Hilo nalijua kabla mamako hajazaliwa, mke mwenzangu. Nisilolijua ni kwamba zinakula."

Mwinyijuma alikuwa amepiga magoti, pua karibu iguse mkeka. "Shemeji! Zimeota meno!"

Bi Zuleha akachota punje kumi kiganjani, akazitandaza juani. Akazigeuza mojamoja kwa kidole, midomo ikihesabu kimya. Ncha nyeupe zilikuwa nane.

"Nane," akasema. Kisha akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Mwinyijuma akajipangusa magoti, akaenda zake kuchukua jembe. Kitalu cha kupandia mbegu hiyo kilikuwa bado hakijalimwa.