Soko Nililolijaza kwa Kompyuta

Kompyuta ilipofika ofisini kwetu, kwenye komuni ya Manika, hapa Kolwezi, nilisahau hata kula. Ilikuwa na programu ya kukadiria bajeti: unaipa mapato ya soko ya miaka iliyopita, inakupa ya mwaka ujao. Aliyenifundisha ni mhasibu wetu, Tata Selestini, ambaye wazazi wake walitoka jimbo la Kasai.

Siku ya mkutano nilisimama mbele ya wakubwa, naye ameketi karibu yangu. Niliwaonyesha mstari unaopanda vizuri.

"Soko litafurika," nilisema, karibu nirukeruke. "Tujenge meza mpya."

Wakatazamana. Nikadhani hawajaelewa, nikaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi.

Burugumestre, mkuu wa komuni, akaniuliza polepole, "Mutoto wangu, ni ba nani batauzishia kwenye izo meza? Batu ba Kasai, benye kuuzisha mu soko, banafukuzwa, bamejaa ku gare."

Nilijua. Kila asubuhi niliwapita pale kituoni wakisubiri treni juu ya mizigo yao, huku mimi nikikimbilia mashine yangu.

Tata Selestini alinigeukia. Hakukasirika.

"Na mi," aliuliza, "umenihesabia mu ule mwaka?"