Jibu la Swali la Saba

Wanafunzi walimwita Mama Zipu, na jina lenyewe alilitolea jasho. Miaka kumi na tisa alifundisha baiolojia akiwa na zipu mkononi, zile ndefu za makoti mabovu alizopewa na mumewe, fundi cherehani.

"Kabla seli haijagawanyika, DNA hujinakili," alikuwa akisema huku akiifungua. "Nyuzi mbili zinaachana. Kila uzi unajijengea mwenzake mpya: A kwa T, G kwa C. Mwisho mna DNA mbili, na kila moja ina uzi wa zamani na uzi mpya. Anayebisha anifuate ofisini."

Mwaka ule aliitwa kusahihisha mtihani wa taifa. Walimu arobaini walikaa kwenye bwalo la shule moja ya bweni, simu zao zimekusanywa ndani ya beseni. Meza yake ilipewa swali la saba. Akafungua mwongozo wa majibu, akasoma, akarudia kusoma. Uliandikwa hivi: DNA ya zamani hubaki nzima, na nakala yake huwa mpya yote.

Karatasi ya kwanza kuishika, mtahiniwa alikuwa amejibu sawasawa, na mchoro juu. Kwa mwongozo ule, alitakiwa apewe sifuri.

Alimwendea kiongozi wa meza, mwalimu mwenzake mwenye sauti laini kama pamba.

"Hili jibu lenu si sahihi."

"Mwongozo ni mwongozo, mama. Watu sita wameupitisha."

"Basi sita wamekosea! Mnataka nimkate alama mtoto aliyepata?"

"Punguza sauti. Tuna siku tisa tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Apite wapi? Huyo mwanaharamu mmeshamkaribisha sebuleni!"

Meza ya jirani walicheka, kisha wakainamia karatasi zao. Hakuna aliyenyanyuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: walijua, kila mmoja alilifundisha darasani kwake. Akaweka kalamu chini, akakataa kusahihisha. Kesho yake asubuhi alikabidhiwa simu yake na kuonyeshwa mlango.

Nyumbani alibamiza sufuria hadi mumewe akasimamisha cherehani.

"Mke wangu, si ungenyamaza tu? Wewe ndiye uliyetunga?"

"Nawe pia? Mtoto amesoma, ameelewa, ameandika kweli, halafu mkubwa mzima anamwambia ni uongo! Ninyamaze?"

Fundi alizima taa ya cherehani, akamletea karatasi na bahasha.

Aliiandikia bodi ya mitihani, akaambatisha kurasa za vitabu vitatu. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Mwongozo ulikuwa umerekebishwa siku ya nne ya usahihishaji, "kwa umakini wa kiongozi wa meza". Karatasi zilizosahihishwa kabla ya hapo hazingerudiwa. Yeye, kwa utovu wa nidhamu, asingeitwa tena.

Aliisoma barua hiyo amesimama, masikio yakiwaka moto. Sifa wampe wamtakaye, kuitwa wasimwite. Lakini siku tatu za karatasi! Watoto wangapi hao, na nani atawaambia kwamba walipata?

Akavuta kiti, akaanza barua ya pili. Safari hii hakuandika "kwa heshima na taadhima". Nakala yake aliibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, mahali ambapo kila mzazi angepita.