Ugali Ndani ya Rejeta

Mpawenimana hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira yake ilishukia mikononi. Siku aliyokasirika, spana zililia kuliko siku nyingine. Na asubuhi ile, kwenye gereji yake pembeni mwa stendi ya Kibondo, zilikuwa zikilia tangu gari la Saady lilipofika likivutwa kwa kamba kutoka kilima cha Busunzu, ambako lilichemsha hadi likazima.

Saady, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alianza kulaumu kabla ya salamu. Mwezi uliopita Mpawenimana alimfungia mkanda mpya wa feni. Basi kosa lilikuwa hapo hapo. Aliwaeleza madereva wa bodaboda, akamweleza Vestina mwuza chai, akamweleza kila aliyesimama kutazama. Kisha akamalizia:

"Nilijitakia mwenyewe, kumpa mkimbizi gari."

Mpawenimana aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake. Ufundi alifundishwa Kasulu na marehemu Felician, Muha mwenyeji wa huko aliyemtandika kwa mpini wa nyundo alipokosea, na jioni akamkalisha kwenye sahani moja na wanawe. Uraia anao zaidi ya miaka kumi sasa. Cheti kimefungwa kwenye nailoni, ndani ya sanduku la mkewe. Hata hivyo neno lile lilimngoja kila injini ilipoharibika. Gari likipona, yeye ni fundi. Likifa, ni mkimbizi.

Aliushika mkanda wa feni: umekaza. Akaitikisa pampu ya maji: haichezi. Injini ilipopoa akafungua mfuniko wa rejeta, panapopozwa maji ya injini, akakuta maji meupe, mazito kama uji. Akafungua themostati, kile kijilango kinachoruhusu maji kwenda kupozwa. Kilikuwa kimegandamana ndani ya donge jeupe linalovutika. Akalinusa.

Ulikuwa muhogo.

Hapo ndipo Saady alipoanza kusema ukweli, vipande vipande. Siku ile ya mkanda Mpawenimana alimwonyesha tundu chini ya rejeta, akamwomba aliache gari ili rejeta ichomelewe. Saady alikuwa na haraka. Alipofika Nyakitonto, abiria aliyempa lifti akamwambia kwamba unga wa muhogo huziba tundu kama hilo, naye akamimina vikombe viwili. Tundu likaziba kweli. Lakini injini ikaupika ule unga, nao ukaziba kila njia ya maji. Mshale wa joto ulipopanda kwenye nyekundu, bado aliendelea kukanyaga mafuta, mpaka gasketi inayoziba kichwa cha injini ikaungua.

"Bwana shamba," Vestina akasema, "mboga umeisahau."

Watu wakaangua kicheko. Mpawenimana hakucheka. Saady akamvuta kando, akamsihi kwa sauti ya chini asafishe, afunge, yaishe kimya kimya. Yale maneno, alisema, yalikuwa ya hasira tu. Mpawenimana akamwambia anataka jambo moja. Amemchafua mbele ya watu, basi amsafishe mbele ya watu hao hao.

"Waambie nani ameua injini."

Saady alivitazama viatu vyake. Akaitazama ile kadamnasi. Kisha akatoa simu, akaita lori limbebee gari hadi Kasulu, kwa mafundi wanaoeleweka, alisema, na safari hii hakunong'ona.

Kasulu. Kwa vijana waliolelewa na Felician, wanaomwita Mpawenimana kaka. Aliona jinsi jina lake litakavyopanda kwenye lori lile na jinsi litakavyoshushwa huko. Tambaa la kusafishia lilikuwa begani pake, hakuligusa. Aliirudisha themostati kama alivyoikuta, pamoja na donge lake, akakaza boliti moja moja, spana ikilia.

"Peleka," alisema, bila kumtazama. "Yeyote atakayeifungua atakuta ulichopika."