Bata Aliyekaribia Kuvunja Harusi

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, nilimwita mama wa mchumba wa binti yangu bata, na harusi yao ikaanza kuzama.

Kwetu Ilkeston, mji mdogo wa Uingereza, kila mtu ni bata. Dereva wa basi ni bata. Daktari ni bata. Hata polisi akikuandikia faini atakuambia, "Saini hapa, bata wangu."

Lakini Bi Rosalind, mama wa bwana harusi, ni mtu wa kusini, wa kofia na glavu, aliyehamia huku mwaka uliotangulia. Alikuja kwangu kunywa chai. Nami, niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, nikampa kwa fahari orodha ya vyakula vya harusi, niliyoiandika kwa mkono wangu.

"Soma, bata wangu," nikamwambia.

Akatua kikombe. Akavaa glavu. Akaondoka.

Binti yangu Kirsty akapiga simu. "Mama, umemfanya nini? Anasema haji harusini. Na Julian haoi bila mamake."

"Nimemwita bata tu."

"Basi kamwombe radhi. Zimebaki wiki mbili, Mama."

Jumanne nilimuuliza mwalimu wetu wa kisomo asili ya neno hilo. Tukafungua kamusi: ni ndege yule yule, jina la mahaba tangu zamani.

"Wapo wanaosema lilitokana na cheo cha mabwana wakubwa," akaongeza, "ila ushahidi hakuna."

Ushahidi wa nini? Mimi nilihitaji cheo. Nikaandika barua ya kwanza maishani mwangu: "Sikukuita ndege. Nilikuita mtukufu."

Siku ya nne baada ya kumtumia, Bi Rosalind alisimama mlangoni pangu, barua mkononi, haijafunguliwa.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma, nikikwama kwenye "mtukufu". Akacheka hadi kofia ikapinda.

"Bata nimelizoea, hata muuza samaki ananiita hivyo. Lililonichoma ni lile neno la kwanza."

"Lipi?"

"Soma." Akazitazama glavu zake. "Nilidhani umenigundua. Hata Julian hajui."

Nikatenga chai. Nikamsimulia nilivyoanza darasa la kisomo ukubwani.

"Hilo darasa lenu," akauliza hatimaye, "ni siku gani, bata wangu?"

Harusi ilifana. Na simulizi hii Bi Rosalind ameisoma mwenyewe kabla sijaituma, akanisahihisha koma mbili.

Ndugu msomaji, ukimkosea mtu, usihangaike na neno unalolihofia wewe. Muulize ni lipi lililomuumiza. Na kama una jirani asiyejua kusoma, usimtumie simulizi hii.

Keti naye, umsomee.